Mtoto Mchafu na Mtoto Aliyechafuka: Msamiati wa Uchafu na Ovyo kwa Mwanafunzi wa Eldas, kwa Mizani ya Kireno

Utangulizi

Wakati wa kiangazi upepo wa Eldas hauna simile. Mwanafunzi aliyetoka nyumbani alfajiri amevaa shati jeupe lililofuliwa jana hufika shuleni na shati la rangi ya udongo. Mwalimu wa zamu anayemtazama langoni ana sentensi mbili za Kiswahili za kuchagua. Ya kwanza ni "Wewe ni mchafu." Ya pili ni "Umechafuka." Zote mbili zimetoka katika mzizi mmoja, na kwa mtu mwenye haraka zaonekana kusema jambo lile lile. Sivyo. Sentensi ya kwanza humpa mtoto tabia. Ya pili humpa habari za shati lake. Aliyeambiwa ya pili hujipangusa akaingia darasani. Aliyeambiwa ya kwanza mbele ya wenzake hana cha kujipangusa.

Makala haya yanachunguza msamiati ambao Kiswahili hutumia kueleza watu na mahali palipokosa usafi au mpangilio, na matatizo ambayo msamiati huo humletea mwanafunzi wa Eldas. Eldas ni mji na pia eneo bunge katika Kaunti ya Wajir, Kaskazini Mashariki mwa Kenya. Eneo bunge hilo lilimegwa kutoka Wajir Magharibi na likamchagua mbunge wake wa kwanza mwaka wa 2013. Lugha ya nyumbani huko ni Kisomali. Kiswahili mtoto hukipata hasa shuleni, ambako kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985. Na Katiba ya 2010, katika Ibara ya 7, ilikifanya kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kwa hiyo mtoto huyu hukutana na maneno ya uchafu kutoka kinywani mwa mwalimu, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anayeelezwa kwayo.

Kireno kimeletwa katika mjadala huu kwa sababu mbili. Kwanza, ni lugha iliyoishi na Kiswahili pwani kwa takriban karne mbili, na mwanafunzi wa isimu hana budi kujua kilichoazimwa na kilichoachwa. Pili, Kireno humlazimisha msemaji achague, kila anapomtaja mtu mchafu, kama anasema habari ya tabia au ya hali. Kiswahili nacho kina njia za kuchagua, ila hakilazimishi. Na pasipo kulazimishwa, wengi hawachagui.

Vitu vilishuka, lawama zikabaki melini

Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka wa 1498. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka wa 1593, na Waomani wakaitwaa mwaka wa 1698. Katika muda huo Kiswahili kilipokea maneno ambayo mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza ameyakariri: "meza" kutoka "mesa", "kasha" kutoka "caixa", "foronya" kutoka "fronha", "leso" kutoka "lenço", "pipa" kutoka "pipa". Jambo lisilosemwa sana ni kwamba maneno haya, yakitazamwa kwa pamoja, ni vifaa vya kuitengeneza nyumba. Kasha huficha nguo zisizagae, foronya huvisha mto, pipa huhifadhi maji, meza huinua vyombo kutoka sakafuni. Hata hivyo, katika maneno ya mkopo yanayofundishwa vyuoni, hamna kivumishi hata kimoja cha Kireno cha kumlaumu mtu asiyelitumia kasha lake.

Sababu si ngumu kuiona. Nomino za vitu vigeni husafiri pamoja na vitu vyenyewe; vivumishi vya kulaumu havina shehena ya kupandia. Tena, watu wa pwani walikuwa na lawama zao za kutosha. Nani huagiza ng'ambo masuto ya nyumbani, na ya kwake yapo tele?

Upande wa sifa njema hali ni tofauti. "Safi" na "nadhifu" yana asili ya Kiarabu, na ndiyo maana hayachukui viambishi vya upatanisho: mtu safi, watu safi, kiti safi, mahali safi. Mzizi "-chafu" ni wa Kibantu na hupatana na kila ngeli: mtu mchafu, watu wachafu, kiti kichafu, mazingira machafu, mahali pachafu. Kiswahili kiliazima sehemu kubwa ya maneno ya kusifia usafi, kikaazima makasha ya kuutunzia, lakini neno la kumnyoshea mtu kidole kilikuwa nalo tangu awali. Pengine ndiyo sababu lauma kuliko yote.

Kwa mwanafunzi wa Eldas, "kasha" ni neno la kitabuni. "Sanduku" ndilo linalomkaa vyema, kwa sababu Kisomali nacho kina "sanduuq" kutokana na Kiarabu hicho hicho. Mwalimu anayeanza somo la mpangilio wa chumba kwa kasha, kabati na foronya huwa amemhamisha mtoto nyumbani kwao kabla hajamfundisha neno lolote la ovyo.

Namna Kireno kinavyochagua

Kireno kina vitenzi viwili vya "kuwa". "Ser" husema kitu ni nini kwa asili au kwa desturi yake. "Estar" husema kitu kiko katika hali gani sasa, na asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kusimama. Mreno akisema "ele é desarrumado", anasema kwamba bwana huyo ndivyo alivyo: mtu asiye na mpango, leo na kesho. Akisema "o quarto está desarrumado", anasema kwamba chumba kimevurugika kwa sasa, na huenda kesho kikawa sawa. Vivyo hivyo kwa "sujo", neno la kawaida la chafu: "é sujo" ni hukumu, "está sujo" ni taarifa.

Maneno yenyewe yafaa kufunguliwa. "Desarrumado" limejengwa kwa kiambishi cha kutangua, "des-", na kitenzi "arrumar", yaani kupanga vitu mahali pake. Mabaharia hulitumia "arrumar" pia kwa kupanga shehena tumboni mwa chombo, na kila aliyewahi kupanda jahazi anajua kwamba shehena isiyopangwa si suala la urembo. Ni suala la kufika au kuzama. "Desleixado" huhusu mtu zaidi ya chumba: ndani yake mna kitenzi cha kale chenye maana ya kuacha, na anayeitwa hivyo ni mtu aliyejiachilia, asiyejali mavazi wala kazi yake. Wabrazili wana "bagunça" kwa vurugu ya vitu, neno jepesi ambalo mzazi humwambia mtoto bila kumvunja moyo. Na yuko "porco", nguruwe, kwa mtu mchafu. Neno hili la mwisho halitafsiriki Eldas. Katika jamii ya Waislamu, kumwita mtu nguruwe hakusemi lolote kuhusu shati lake. Kunamtoa katika mipaka ya twahara, na ugomvi utakaofuata hautakuwa wa usafi.

Njia tatu za Kiswahili

Kiswahili hakina "ser" na "estar", lakini kazi ya vitenzi hivyo inafanyika. Njia zipo tatu, na mwalimu akizitenganisha ubaoni, nusu ya kazi imekwisha.

Njia ya kwanza ni "ni" pamoja na kivumishi: "Halima ni mchafu." Hapa mzizi "-chafu" umetua juu ya mtu na kukaa. Kinachozidisha uzito ni kwamba mzizi huu hauishii kwenye ngozi. Kuna maneno machafu, mchezo mchafu, siasa chafu. Kwa hiyo mtoto akiitwa mchafu, neno hilo huja limebeba mwangwi wa tabia mbaya, hata kama msemaji hakuukusudia. Yapo na maneno makali zaidi, "mchafukoge" na "mkoo", ambayo ni nomino kabisa: hayamweleze mtu, yanamtia katika kundi. Yafaa mwanafunzi ayajue akiyakuta kitabuni. Kuyatumia ni jambo jingine.

Njia ya pili ni kitenzi katika kauli ya kutendeka pamoja na kiambishi "-me-": "Halima amechafuka." Kiambishi "-me-" husema kwamba jambo limetukia na matokeo yake yangalipo, kauli ya kutendeka haimtaji mtendaji. Sentensi hii haimlaumu mtu, na inaacha mlango wazi: kilichochafuka huweza kutakata. Kitenzi hiki kina upana ambao kivumishi chake hakina. Bahari huchafuka, hewa huchafuka, tumbo huchafuka, jina la mtu huchafuliwa. Maana inayoziunganisha matumizi haya ni ile ya utulivu uliotibuliwa, kama maji ya lambo yaliyoingiwa na ng'ombe. Mtoto wa mfugaji haihitaji kufafanuliwa maana hiyo. Ameiona lamboni mara nyingi: maji yale yale, asubuhi yametulia, adhuhuri yametibuka, jioni yametulia tena. Hakuna anayesema kwamba lambo lina tabia mbaya.

Upatanisho wa mahali nao una siri zake. "Soko limechafuka" ni habari ya soko lenyewe. "Sokoni pamechafuka" huonyesha sehemu mahususi, labda palipochinjiwa mbuzi. "Sokoni kumechafuka", kwa masikio ya wengi, si habari ya taka tena: ni onyo kwamba kuna rabsha na watu wakae mbali. Mwanafunzi aliyeandika "mjini kumechafuka" akikusudia karatasi zilizotupwa barabarani amewatia wasomaji hofu bure, na katika kaunti zilizowahi kusikia habari za namna hiyo kwa kweli, si kosa dogo la sarufi.

Njia ya tatu ni kitenzi cha mahali, "-ko", pamoja na kielezi: "Chumba kiko ovyo." "Vitabu viko shaghalabaghala." Hapa Kiswahili kinakaribia "estar" kwa namna ya kushangaza, kwa kuwa lugha zote mbili zimechukua neno la kukaa au kusimama mahali na kulifanya liseme hali. Jaribu kuliweka "ni" badala ya "-ko", na sentensi inageuka: "chumba ni cha ovyo" maana yake hakifai, hakina thamani. Kwa mtu tofauti hiyo ni kubwa zaidi. "Yuko ovyo leo" ni neno la rafiki anayekuona hujalala vizuri. "Ni mtu wa ovyo" ni neno ambalo likisemwa mahali, posa huvunjika.

Panga na pangua

Katika vielezi vya ovyo Kiswahili kimejaliwa. "Shaghalabaghala", "vululuvululu", "ovyoovyo", "hobelahobela": maneno haya husema kwa sauti kile yanachokisema kwa maana, silabi zikirudiarudia na kugongana kama vyombo vilivyodondoka. Wanafunzi huyapenda, na katika insha huyatumia kama chumvi. Tatizo ni kwamba ni vielezi. Hayapokei viambishi vya ngeli, na "chumba kishaghalabaghala" si Kiswahili, ingawa ni kosa la mtu mwenye akili: ameona "kichafu" na "kikubwa", akadhani kila neno la sifa hutii. Yafaa pia kutofautisha "shelabela", ambalo huelekea kwenye vitu vinavyochukuliwa jinsi vilivyo, vizuri kwa vibaya, bila kuchaguliwa. Mfanyabiashara hununua ngozi shelabela. Hailazimu duka lake liwe shaghalabaghala.

Lakini utajiri mkubwa zaidi, usiofundishwa vya kutosha, uko katika vitenzi. Vitu huzagaa, hutapakaa, hurundikana, hutawanyika, huvurugika, na kila kimoja ni picha tofauti. Vilivyozagaa vimeenea kila mahali bila mpango. Vilivyorundikana vimekaa mahali pamoja lakini juu kwa juu. Chumba chenye nguo zilizorundikana kitini na chumba chenye nguo zilizozagaa sakafuni si chumba kimoja, na anayeandika "chumba kichafu" kwa vyote viwili hajaeleza hata kimoja. Tena huenda hakuna uchafu wowote humo. Nguo safi zaweza kuzagaa, na taka zaweza kupangwa vizuri kwenye jaa.

Hapa ndipo "desarrumado" linaporudi kwa faida. Kiambishi "des-" kina ndugu yake katika kauli ya kutendua ya Kiswahili. Kunja huzaa kunjua. Fuma huzaa fumua. Panga huzaa pangua. Ukiongeza kauli ya kutendeka unapata "panguka", na ukitia "-me-" unapata "vimepanguka". Neno hilo moja limebeba kipande kwa kipande kile kinachosemwa na "está desarrumado": palikuwa na mpangilio, umetanguliwa, na matokeo yapo hadi sasa. Mwanafunzi aliyefunzwa hivi huona kwamba Kiswahili hakijapungukiwa. Ni yeye aliyekuwa akiishi katika chumba kimoja cha nyumba kubwa.

Vumbi na najisi

Sehemu hii ndiyo yenye mitego mingi kwa msemaji wa Kisomali, na mitego yenyewe imetoka katika urafiki wa lugha hizi mbili. Kisomali kina "nadiif", Kiswahili kina "nadhifu". Kisomali kina "nijaas", Kiswahili kina "najisi". Kisomali kina "daahir", Kiswahili kina "twahara" na "tohara". Chimbuko ni moja, Kiarabu, na mwanafunzi hufurahi kuwakuta ndugu zake ugenini. Ila ndugu hawa wamelelewa nyumba mbalimbali.

"Nadiif" la Kisomali hutumika kwa upana: mtu, nguo, sahani, hata maji. "Biyo nadiif ah" ni maji safi. Kwa hiyo mwanafunzi huandika "maji nadhifu", na mwalimu kutoka pwani hutabasamu. Katika Kiswahili unadhifu umeelekea kwa mtu, mavazi yake na mahali anapokaa. Maji huwa safi tu. "Tohara" nalo katika Kiswahili cha leo humpeleka msikilizaji wengi kwenye jando kabla ya kumpeleka kwenye udhu, na mwanafunzi aliyetaka kusema habari za usafi wa ibada huchekwa asijue kwa nini. Ni heri atumie "twahara".

"Najisi" lina hatari zaidi. Ni neno la sheria ya dini. Halisemi kwamba kitu kinaonekana kibaya bali kwamba kinabatilisha usafi wa ibada mpaka kiondolewe. Nguo yaweza kung'aa na ikawa na najisi. Nguo yaweza kufubaa kwa vumbi na ikawa twahara. Mwanafunzi anapoandika "uwanja wa shule ulikuwa najisi kwa vumbi", amekosea Kiswahili na amekosea fiqhi kwa pamoja. Kwani vumbi hilo hilo, likiwa safi, ndilo Mwislamu anayekosa maji hulitumia kutayamamu: hupiga mikono juu ya udongo, akapangusa uso na mikono, akasimama kusali. Katika nchi ambayo maji hubebwa kutoka mbali, hili si jambo la kitabuni tu. Udongo ambao mwalimu wa zamu ameuona kama uchafu shatini mwa mtoto ndio udongo ambao babu yake huenda amejitwaharisha nao asubuhi ile.

Kwa "wasakh", neno la kawaida la Kisomali la uchafu, Kiswahili sanifu hakina ndugu wa karibu, na hapo "-chafu" huvamia kila nafasi. Lakini Kisomali chenyewe huweza kutofautisha: kutokana na kitenzi "wasakhee", kuchafua, hupatikana "wasakhaysan", yaani kilichotiwa uchafu. Fikra ya hali iliyopatikana si ngeni kwa mtoto huyu. Anachokosa ni daraja la kuivusha, na daraja hilo ni "-chafuka".

Tanzu moja ya msamiati huu huwachanganya hata wasemaji wazawa, nayo itajwe kwa kifupi. "Taka" ni uchafu. "Takata" ni kuwa safi. "Takasa" ni kusafisha. "Takatifu" ni kilichotakaswa. Mwanafunzi anayedhani kwamba "kutakata" ni kujaa taka ana hoja, ila lugha haiku upande wake.

Nguo, ngozi, nywele

Mtu huonekana ovyo kwa sababu nyingi ambazo hazihusiani na uchafu, na Kiswahili kina neno kwa kila mojawapo. Nguo iliyovaliwa miaka mingi imechakaa. Iliyopoteza rangi kwa jua na maji imechujuka. Isiyopigwa pasi imekunjamana. Ngozi iliyokaushwa na upepo, ikageuka rangi kama ya jivu kwa kukosa mafuta, imepauka. Nywele zisizochanwa ni timutimu. Midomo imekauka na kupasuka. Hakuna hata moja kati ya hali hizi iliyo uchafu, na nyingi kati yake ni ishara za ukame au za uhaba wa kipato. Mtoto aliyepauka na kuvaa sare iliyochujuka aweza kuwa msafi kuliko yeyote darasani.

Kwa upande wa pili yapo maneno ya uchafu hasa wa mwili: nongo katika ngozi, tongotongo machoni, kikwapa. Haya nayo ni sahihi kwa maana hutaja kitu, na kitu huondoka kwa maji. "Una tongotongo, kanawe uso" ni sentensi ambayo mama humwambia mtoto anayempenda. Hakuna aliyeitwa jina.

Kinyume chake, mazungumzo ya mitaani nchini Kenya yamezoea kumwita mtoto wa mavazi mabovu "chokoraa", neno linalopachikwa watoto wa mitaani na lenye harufu ya kitenzi "chokora", kupekuapekua kwa kijiti. Neno hili limekwisha kuingia hadi vijiji visivyo na mitaa. Linafanya kile kile kinachofanywa na "mchafukoge", ila kwa dharau kubwa zaidi, kwa kuwa linamnyima mtoto hata nyumba.

Darasani

Zoezi la kawaida la vitabu ni "Eleza chumba kichafu ulichowahi kukiona." Zoezi hilo lina kasoro mbili. Limekwisha kutoa hukumu kabla ya maelezo, na limechukulia kwamba kila mtoto ana chumba. Mwalimu wa Eldas aweza kulibadilisha bila gharama. Awape wanafunzi mahali wanapopafahamu, kama soko la mifugo baada ya watu kuondoka, au darasa lao lenyewe baada ya upepo, na awakataze kutumia mzizi "-chafu" katika aya ya kwanza. Wakinyimwa neno hilo hulazimika kutafuta: kinyesi kimetapakaa, kamba zimezagaa, chupa za plastiki zimerundikana penye ua, madawati yamefunikwa na vumbi, vitabu vimepanguka. Aya ya pili wageuze upande: waeleze mtu aliyehusika kwa kutumia "-me-" na "-ko" pekee, bila "ni". Mwanafunzi atakayeandika "Yuko timutimu" atakuwa amekosea kidogo, kwa kuwa nywele ndizo timutimu. Lakini amekosea akiwa safarini kwenda mahali pazuri.

Katika kusahihisha, yafaa kosa la "chumba kishaghalabaghala" lisiwekwe mizani moja na kosa la "mtoto najisi". La kwanza ni la umbo na litapona kwa mazoezi. La pili ni la maana, na likiachwa huenda mwandishi akalitumia siku moja kwa mtu aliye hai.

Na ipo nyumba moja ambayo zoezi hilo lisiikose: aqal, nyumba ya Wasomali wafugaji, iliyojengwa kwa fito zilizopindwa na kufunikwa kwa mikeka. Katika insha nyingi siku ya kuhama huelezwa kama siku ya vurugu: nyumba "imebomolewa", vitu "viko ovyo". Anayetazama kwa makini ataona jambo jingine. Mikeka inakunjuliwa kutoka juu ya fito na kuviringishwa, fito zinafunguliwa na kufungwa mafungu, vibuyu na vyombo vya maziwa vinatengwa, kisha vyote vinapakiwa juu ya "awr", ngamia dume wa mizigo, kwa ulinganifu, upande huu kwa upande huu, kwa sababu mzigo ulioelemea humchubua mnyama na kuichelewesha safari. Ni ujuzi ule ule ambao baharia Mreno aliuita "arrumar". Kitenzi kinachofaa si "kubomoa", kwani kilichobomolewa hakirudi, na jioni, umbali wa siku moja, nyumba hii itasimama tena. Aqal haibomolewi, wala haiko ovyo. Imepanguliwa.